Mshiko wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mvua ikianza, fundi rangi wa nje hana tofauti na kofia ya jua: anatundikwa hadi msimu upite. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mume wangu anasema nisipokuwa na kazi mdomo wangu unafanya kazi mara mbili, afadhali niandike.

Lakini kazi tumepata, tena ya ndani. Kuna klabu imekodi ghala lililokuwa la saruji, nyuma ya karakana ya magari, na imenunua ukuta wa kupanda uliokwisha tumika. Ndiyo, ukuta wa kupanda. Watu wazima wenye akili zao wanajifunga mikanda na kushindana nani atafika juu kwanza. Umekuja vipande vipande, mbao arobaini, kila moja mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, rangi yote imebabuka. Tutazipaka zikiwa sakafuni, kisha wenyewe wataziinua. Niliposikia "sakafuni" nikakubali kabla hawajamaliza kusema.

Nieleze, maana daftari halinijui. Mimi na mume wangu ni mafundi rangi mwaka wa kumi na tisa huu. Mwaka juzi nilianguka kutoka kwenye ngazi nikavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona, mimi sikupona. Tangu siku hiyo sivuki kipandio cha tatu cha ngazi; nikivuka, miguu inalegea na naona sakafu inanifuata. Kwa hiyo tukagawana ukuta: mimi chini, yeye juu. Hakuna anayejua isipokuwa dada yake, yaani wifi yangu, na kumpa huyo siri ni sawa na kuipandisha bendera.

Jumatano, 6 Machi

Msasa kutwa nzima. Nimepiga chafya hadi mbavu zinauma.

Jumamosi, 9 Machi

Rangi imekauka, kijivu safi, hakuna mchirizi hata mmoja. Leo tumefunga mishiko. Ukuta una njia mbili za kupandia, na kila njia ina mishiko ishirini ya mikono, myekundu, yote ya umbo moja, na vikanyagio vidogo kumi na kimoja. Kocha ndiye aliyeleta mchoro. Ni kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni, na kazi yake ya mchana ni kupima watu macho kwenye duka la miwani. Alituambia mara tatu tufuate mchoro kama ulivyo, kana kwamba sisi ni watoto.

Nimeufuata. Isipokuwa mshiko wa kumi na mbili. Mingine imeinamishwa kwa mpango, unaona kabisa kwamba mtu amekusudia. Huo wa kumi na mbili ulikuwa umepinda kidogo tu, kosa la mchoraji bila shaka. Nikauwekea pimamaji, nikaunyoosha, njia zote mbili, nikakaza bolti. Sasa umetulia. Jicho la fundi halidanganyiki.

Ijumaa, 15 Machi

Wameuinua. Mita kumi na tano, hadi karibu na mabati, tena juu umeinama kidogo kumfuata mpandaji. Kuutazama tu nilishika meza.

Kocha ameeleza mchezo wenyewe. Ukuta huu ni mmoja dunia nzima: mishiko ile ile, mahali pale pale, ukijifunza hapa unaweza kushindana kokote. Wanasimama wawili, kila mtu na njia yake. Mashine inalia mara tatu. Ukiondoa mguu kabla ya mlio wa tatu, umetoka. Ukifika juu unapiga kibao, na saa inasimama. Kuna watu wanaoumaliza kwa sekunde tano. Mume wangu akasema haraka haraka haina baraka. Kocha akamjibu kwamba hapa haraka ndiyo baraka yenyewe.

Wifi alikuja kuleta vifuko vya chaki alivyoshona, maana yeye ni fundi cherehani. Wakamwambia ajaribu. Mwanamke wa miaka arobaini na minane akavaa mikanda juu ya suruali ya kazi, akafika nusu, akaachia, akaning'inia huko akicheka peke yake. Aliposhuka akanigeukia mbele ya watu wote. "Wifi, umeupaka wewe, halafu unaogopa kuugusa?"

Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote.

Jumatatu, 18 Machi

Daktari amelitazama goti linalomsumbua mume wangu na kusema ngazi basi. Si mwezi huu wala mwaka huu, basi kabisa.

Na ndiyo wiki mkandarasi amekuja na jengo la ghorofa tano, kupaka nje, mvua ikikatika. Kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupewa. Amesikia habari za goti. Akasema vibarua wa kupaka anao, ila anataka fundi mmoja wa kukaa nao huko juu kusimamia mistari. Nikimwambia naweza, kazi yangu. Nisipoweza, atampa mwingine, na anataka jibu kabla ya tarehe mosi Juni.

Mume wangu aliniangalia. Mimi niliangalia viatu vyangu. Fundi asiyepanda ni fundi wa nusu ukuta, na hakuna anayeita fundi wa nusu ukuta. Nikimkosa huyu nitakuwa napaka nyua za watu hadi nizeeke.

Jumanne, 19 Machi

Nimemwambia mume wangu naenda kununua sabuni. Nimekwenda ghalani.

Jumamosi, 23 Machi

Somo la kwanza la kupanda, kumbe, ni kuanguka. Kocha alinifunga mikanda ya kiuno na mapaja, akaikagua mara mbili, akaniunga kwenye kamba inayotoka kwenye mashine huko juu. Ukipanda, inavuta kamba. Ukiachia, inakushusha taratibu. Akaniambia nipande mishiko miwili tu, kisha niachie.

Nilipanda miwili. Kuachia nilikataa. Nikakaa pale, kimo cha mlango, nimekumbatia plastiki nyekundu na macho nimefumba. Hakunicheka wala hakunihimiza. Alivuta kiti, akakaa chini yangu, akaanza kunieleza jinsi watu wanavyodanganya kwenye kupimwa macho, wanavyokariri herufi huku wakijifanya wanasoma. Nikaanza kucheka, mikono ikalegea yenyewe, na mashine ikanishusha kama mtoto anayelazwa kitandani. Nikaomba tena. Nimeanguka mara kumi na nne leo. Kijana huyu nilimdharau bure.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Nimefika mshiko wa saba. Viatu vya kupandia vinabana mpaka navionea huruma vidole vyangu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimefika juu! Dakika moja na sekunde arobaini. Kocha anasema konokono angenipisha njiani, lakini kibao nimekipiga.

Siri ni miguu. Mwanzoni nilijivuta kwa mikono kama mtu anayetoa ndoo kisimani, na jioni sikuweza kushika kijiko. Anayeanza asijivute, asimame. Mguu unasukuma, mkono unaelekeza tu. Na asijifunze ukuta mzima kwa mkupuo: theluthi ya chini wiki moja, ya katikati wiki moja, kisha ya juu, hadi mwili ukariri wenyewe. Nyumbani nalala sakafuni na kuupanda hewani. Mume wangu alinikuta hivyo akauliza sabuni iko wapi. Nikapasua jipu, nikamwambia yote. Akaniangalia nikirudia, kisha akaniambia mkono wangu wa kushoto unachelewa.

Jumatano, 17 Aprili

Wifi amejiunga rasmi. Anasema ameingia kwa ajili ya afya. Ameingia kwa ajili yangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Mimi sekunde arobaini na moja, wifi thelathini na nane. Amewaambia wateja wake wote.

Kuna jambo linamsumbua kocha. Kila mtu, wa haraka na wa polepole, anakwama mahali pamoja, kwenye mshiko wa kumi na mbili. Mkono unafika, unateleza kidogo, unatafuta tena. Anasema ni uvivu wa makalio, hatusukumi vya kutosha. Tumepewa adhabu ya kuchuchumaa mara hamsini. Wifi aliteseka vizuri sana.

Jumapili, 5 Mei

Mapaja bado yanauma. Mvua imeingia jikoni.

Jumatatu, 13 Mei

Tarehe 25 kuna mashindano hapa hapa ghalani, klabu nne zitakuja, na kuna kundi la wanaoanza waliovuka miaka arobaini. Waliojiandikisha ni wawili. Mimi na wifi.

Nimeshuka hadi sekunde ishirini na tatu. Yeye ishirini na mbili. Nimegundua kitu kumhusu: anafika kabla yangu kila siku, anafagia sakafu ya ghala, kisha anakaa nje mpaka nifike ili aingie kama mtu aliyechelewa. Kocha ndiye aliyeniambia. Nilipomuuliza alisema vumbi linamharibia nyuzi.

Nimegundua kitu kingine, kunihusu mimi. Kwa kasi siogopi. Mashine ikilia mara ya tatu sina nafasi ya kuogopa, nakuwa nimeshafika na kushuka. Nafurahi sana, sijafurahi hivi tangu tulipopaka nyumba yetu wenyewe. Lakini juu ya jengo la mkandarasi hakuna wa kukushusha baada ya sekunde ishirini. Huko unakaa kutwa. Hilo sijamwambia mtu.

Jumatatu, 20 Mei

Leo niandike yote.

Klabu jirani wamekuja kujaribu ukuta kabla ya Jumamosi. Wana binti anayepanda kwa sekunde nane. Alipaa kama ameitwa, akafika kumi na mbili, mkono ukateleza, akaachwa anabembea. Akajaribu njia ya pili. Pale pale. Kocha wao, mama mmoja mnene asiyecheka, akaomba mchoro, akaomba darubini, akatazama juu muda mrefu. Kisha akasema, "Mshiko wa kumi na mbili umegeuzwa. Wenu umelala sawasawa. Unatakiwa uinuke kidogo upande wa kulia, ndipo vidole vipate pa kuzama."

Kocha wetu aliichukua darubini, akatazama mwenyewe. Miezi miwili na ushee amekuwa akitulaumu kwa kosa la plastiki. Akajisemea, "Na mimi napima watu macho." Kisha akasema labda walikosea waliotuuzia.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ndoo ya maji, na masikio yalikuwa yanawaka. Pimamaji langu lilikuwa mfukoni. Nyani haoni kundule: majuma yote haya nimecheka wenzangu wakikwama pale, na pale nimepatengeneza mimi, kwa sababu nilidhani hakuna aliyewahi kuchora kitu vizuri kabla sijazaliwa. Nilivua viatu nikaondoka.

Nyumbani nilimwambia mume wangu. Alicheka mpaka akashika goti. Alipoona sicheki akaacha, akaniambia ameishi na pimamaji hilo miaka kumi na tisa na limenyoosha mpaka picha za harusi za watu. Kisha akasema kwa upole kwamba kesho niwahi, kocha asije akampigia simu aliyeuza ukuta na kumtukana bure.

Jumanne, 21 Mei

Niliwahi. Wifi alikuwa anafagia. Nilisema mbele yake na mbele ya kocha, nikiwa nimesimama wima: ni mimi niliyeinyoosha mishiko ya kumi na mbili, yote miwili, kwa makusudi na kwa kiburi.

Kocha alitazama juu ukutani. "Uliinyoosha," akasema. "Mama, mimi nilikuwa naamka usiku nikiwaza makalio yenu."

Wifi akaketi chini na fagio lake akacheka hadi machozi, na kocha naye akashindwa kujizuia. Nilitegemea kila kitu isipokuwa kicheko.

Ikabaki kurekebisha. Kushusha mbao na kuziinua tena ni kazi ya siku mbili na watu wanane, na watu wanataka kufanya mazoezi. Njia nyepesi ni mtu mmoja kuning'inia huko juu na spana, mita tisa, afungue, ageuze, akaze, kisha ahamie njia ya pili. Kocha akaanza kuvaa mikanda. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nipe mimi. Kosa langu, bolti zangu."

Hakutumia mashine ya kamba, maana haijui kusimama. Alinifunga kamba ya kawaida, yeye akaishika chini, na mume wangu, aliyekuja kunitazama tu, akasimama nyuma yake kama nanga. Nikapanda polepole. Spana ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kifundo kile kile kilichovunjika. Nilipofika kumi na mbili kocha akaibana kamba, nikakaa hewani.

Hapo ndipo hofu ilipokuja. Hakukuwa na mlio wa tatu, hakukuwa na kibao cha kukimbilia. Nilikuwa mimi na urefu wangu kutoka sakafuni. Jasho likaniingia machoni, na nikaisikia ngazi ya mwaka juzi ikiteleza tena. Niliogopa kuliko siku niliyoanguka, maana siku ile nilikuwa sijui kuanguka kukoje. Nikasema nishusheni. Sauti haikutoka vizuri, lakini walisikia.

Wifi akaja akasimama chini yangu kabisa, kichwa ameinua. Hakupaza sauti.

"Wifi, ukishuka nitapanda mimi. Na mimi sijui spana inageukia wapi. Nitaharibu, halafu utalazimika kuja kunyoosha."

Nilicheka. Siwezi kusema hofu iliondoka, haikuondoka, ila ilibidi isogee ipishe kicheko. Nikauangalia mshiko badala ya sakafu. Mshiko niliujua, na bolti ni kitu ninachokijua. Ilikuwa imekazwa kwa hasira, nilijilaani niliyeikaza. Nikaizungusha robo, ikakubali. Nikauinua mshiko kidogo upande wa kulia, nikaweka vidole, vikazama ndani kama mkono kwenye mfuko wa koti lako mwenyewe. Kwa hiyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa! Mchoraji hakuwa mlevi, alikuwa anajua mkono wa mtu.

Nilikaza. Nikavutwa njia ya pili, nikafanya vilevile. Kocha anasema nilikaa juu dakika ishirini na sita. Niliposhuka mume wangu alinishika mabega, na viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa ile kamba.

Alhamisi, 23 Mei

Kila mtu anajifunza kumi na mbili upya. Kocha amepunguza sekunde nzima. Kuchuchumaa kumefutwa.

Jumamosi, 25 Mei

Ghala lilijaa, na mvua ilipiga mabati hadi ikabidi waongeze sauti ya mashine. Yule binti wa sekunde nane alipanda kwa saba na kitu, na kocha wetu akashangilia kana kwamba ni wake.

Kisha wakatuita sisi, wazee wa klabu. Wifi alikuwa amejishonea suruali mpya yenye mstari wa kijani pembeni. Tulipokuwa tunaungwa kamba aliniambia nikishindwa asinione nikilia. Nikamwambia aangalie mguu wake, asije akatoka kabla ya mlio.

Mlio, mlio, mlio.

Sikumbuki chini. Nakumbuka tisa, kumi, kumi na moja, na suruali ya kijani ilikuwa mbele yangu kidogo, upande wa kushoto. Kisha kumi na mbili. Mkono wangu uliujua mshiko ule kama unavyojua kitasa cha nyumbani. Mkono wa wifi, kwa haraka, ulisahau siku nne na kukumbuka mwezi mzima: ukaenda ulipokuwa zamani. Nilisikia akisema neno ambalo siliandiki. Nikapita. Nikapiga kibao kwa kiganja kizima.

Sekunde kumi na saba na nukta nane. Yeye kumi na nane na nukta tano.

Ukipiga kibao unatakiwa uachie, kamba ikushushe. Yeye akashuka. Mimi sikuachia. Nilishika mshiko wa mwisho, nikageuza kichwa, nikatazama chini kwa mara ya kwanza nikiwa huko. Niliona vichwa vya watu, ndoo ya maji, mume wangu amesimama kwa mguu mmoja, na mabati yanayohitaji rangi. Nilikaa nikatazama kwa raha zangu, hadi watu wakaanza kuulizana kama nimekwama.

Wifi akaweka mikono kiunoni. "Mwacheni," akawaambia. "Aliye juu mngoje chini."

Na aliningoja kweli. Nilipogusa sakafu alinikumbatia na kuninong'oneza kwamba nimemtegea mtego tangu Machi, kwamba mtu wa kawaida angetia mafuta tu ukutani. Atalisema hilo hadi kaburini. Hajui kwamba akilisema nitakuwa namsikia akinifagilia sakafu ya ghala.

Jumatatu, 27 Mei

Nimemjibu mkandarasi. Nitapanda mwenyewe.

Jumatatu, 3 Juni

Jua. Hakuna wingu hata la dawa.

Jukwaa la chuma linazunguka jengo zima. Nilipanda taratibu, ghorofa kwa ghorofa, ndoana ya mkanda wangu nikiihamisha kila hatua kama nilivyofundishwa. Ghorofa ya tatu miguu ilianza maneno yake. Nikaikalisha kidogo, nikaiacha iseme, kisha nikaendelea. Saa nne asubuhi nilikuwa ghorofa ya tano na brashi mkononi, na mume wangu chini amekalia ndoo, anachanganya rangi na kunipandishia kwa kapi. Yeye chini, mimi juu.

Nimewavutia vibarua mstari wa kwanza chini ya paa, mrefu, bila mchirizi. Kisha nikaliona dirisha la mwisho upande wa kushoto. Limepinda, si sana, kidogo tu, kwa kona ya chini. Nikatoa pimamaji, nikalitazama dirisha, nikalitazama pimamaji.

Mume wangu akaniona nimesimama. Akapaza sauti kuuliza kama naogopa.

Nikamjibu kwamba siogopi, ila kuna dirisha limepinda.

"Usiliguse," akasema.